Usivute kamba kwanza: nilivyoiamsha Johnson ya marehemu baba mdogo

Kama una injini ya boti iliyolala stoo miaka mingi, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usiiguse ile kamba ya kuwashia. Najua mkono unawasha. Kila anayefunuliwa injini ya zamani hukimbilia kamba, avute mara tatu nne aone kama bado iko hai. Injini nyingi haziuawi na stoo. Zinauawa siku hiyo ya kuvutwa. Ringi za pistoni zilizoshikana na silinda kwa kutu zinakatika, impela (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini) iliyokauka inanyofoka mbawa, na vumbi la kutu linasaga ukuta wa silinda ambao ungepona kwa oili na subira ya siku tatu.

Hilo nililijua kwa hasara. Nikiwa kijana wa kushika spana kwa fundi mwingine hapa Moshi, mzee mmoja mvuvi alituletea injini yake iliyokuwa imekaa muda mrefu. Fundi hakuwepo, mimi nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti. Tulipofungua hedi, kipande cha ringi kilikuwa kimechora silinda kutoka juu mpaka kwenye matundu ya moshi. Yule mzee aliipakia injini yake kwenye mkokoteni akaondoka bila kuninenea neno baya. Mpaka leo nikishika kamba ya injini ya zamani namkumbuka.

Kwa hiyo mama mdogo aliponipigia simu, nilikwenda na moyo uliotulia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Ile mashine ya baba yako mdogo bado iko stoo, panya wanazaliana humo. Njoo uiangalie. Ikishindikana tuwape wa chuma chakavu."

Baba mdogo alivua bwawa la Nyumba ya Mungu, kule inakoingia mito ya Kikuletwa na Ruvu, upande wa Lang'ata. Alipofariki, wanawe walileta injini mjini, wakailaza chini na kuifunika magunia ya mkaa. Ilikaa hivyo miaka 15, chini ya bati lisilo na dari. Nilipofuta kibati kilichopigiliwa kwenye mkono wa kushikia boti, namba zikanipa jibu: Johnson, nguvu ya farasi 9.9, ya mwaka 1975. Silinda mbili, mafuta ya kuchanganya na oili, inawashwa kwa kamba, umeme wake ni wa platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche.

Usikipuuze kibati hicho. Kampuni iliyotengeneza Johnson, Outboard Marine Corporation ya Marekani, ilifilisika Desemba 2000, na ndiyo hiyohiyo iliyotengeneza Evinrude. Johnson na Evinrude za mwaka mmoja na nguvu moja ni mapacha, zinatofautiana rangi na maandishi tu. Ukikosa kifaa kwa jina la Johnson, uliza kwa jina la Evinrude. Nimeona watu wakikata tamaa kwa kutojua hili tu.

Kazi yenyewe ianze kwa macho. Niliisimamisha injini kwenye stendi ya mbao niliyogongea mwenyewe karakana kwangu, mtaa wa Pasua hapa Moshi, nikavua kofia, nikapiga picha kila upande kabla ya kugusa waya hata mmoja. Panya walikuwa wamejenga kwa nyuzi za gunia katikati ya kabureta na flaiwili (lile gurudumu zito la juu linalozungushwa na kamba), na mkojo wao umekula rangi ya alumini. Waya mmoja wa plagi ulikuwa umetafunwa mpaka shaba ikaonekana. Chini, kwenye tundu la kutolea maji, nyigu walikuwa wamejaza udongo. Udongo huo uchokoe wote, mpaka chembe ya mwisho, kwa sababu ukiingia kwenye njia za maji injini itachemka na hutajua kwa nini.

Kisha nenda kwenye mguu, kwenye gia boksi. Wengi wanaiacha mwisho, mimi naianza kwa sababu mafuta yake yanakupa habari mapema. Kuna skrubu mbili bapa: ya chini ni ya kumwagia, ya juu ni ya kupumulia. Fungua ya chini kwanza, halafu ya juu. Sasa sikiliza vizuri hapa: kwenye Johnson na Evinrude hizi ndogo, karibu na ile ya chini kuna skrubu nyingine yenye alama ya msalaba. Hiyo usiifungue. Inashikilia uma wa kubadilishia gia kwa ndani. Ukiitoa, uma unadondoka, na kazi ya dakika tano inageuka kuwa ya kupasua gia boksi zima.

Mafuta yakitoka meusi, ni ya zamani tu. Yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Ya baba mdogo yalitoka chai. Kwanza yalidondoka maji matupu kama kijiko kimoja, halafu ile rojo. Niliagiza sili za shafti ya propela pamoja na vitu vingine. Wakati wa kujaza tena, jaza kutoka chini kwenda juu: bana bomba la oili ya gia, namba 90, kwenye tundu la chini, kamua polepole mpaka oili itokee tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo utoe bomba na kufunga ya chini. Ukijaza kutoka juu, hewa inabaki ndani na utadhani imejaa. Weka pia washa mpya za skrubu, zile pete za kuzuia kuvuja, ni vitu vya bei ndogo mno kuvihurumia.

Sasa silinda. Toa plagi, mulika ndani na tochi. Mimi niliona kutu nyepesi ya rangi ya hudhurungi kwenye ya chini, kwa kuwa injini ililazwa na unyevu ukatulia upande huo. Nilichanganya oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) na dizeli nusu kwa nusu, nikamimina vijiko vitatu vya chakula kila silinda, nikarudisha plagi kwa vidole tu na kuiacha. Asubuhi na jioni naongeza kidogo. Siku ya tatu nilishika flaiwili kwa mikono miwili na kuisukuma kuelekea mshale wa saa, polepole sana, kama unafungua kifuniko cha chupa ya asali. Ikasogea upana wa ukucha. Nikaacha. Jioni ikasogea robo mzunguko. Kesho yake ikazunguka yote.

Usiigonge flaiwili kwa nyundo, ina sumaku ndani na zinabanduka. Wala usiizungushe kinyume, kwa sababu mbawa za impela zimezoea kulala upande mmoja na ukizigeuza ghafla zikiwa zimekauka zinapasuka. Ikikataa kabisa baada ya wiki, fungua hedi uone ndani. Nguvu haitakusaidia.

Flaiwili inatolewa kwa pula, kifaa cha kung'olea, ya bolti tatu. Hapa Moshi sikuipata inayolingana, nikamchorea fundi wa kuchomelea bamba la chuma lenye matundu matatu na bolti kubwa katikati, akanitengenezea siku hiyohiyo. Ukiona mtu anainua flaiwili kwa bisibisi mbili huku mwenzake anagonga kichwa cha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa nyundo, mzuie. Anaharibu nyuzi za krenki na kupindisha shafti.

Chini yake ndipo penye roho ya injini hii, na hapa nilikaa siku nzima. Kuna sahani yenye koili mbili, kondensa mbili, na platini mbili, kila silinda na yake. Koili zote mbili plastiki yake ilikuwa imepasuka nyufa kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, kwa umri na joto la bati. Koili yenye ufa inaweza kutoa cheche ikiwa baridi, halafu ikipata moto inakata, na wewe uko katikati ya maji. Nilizibadilisha zote mbili. Zilitoka Dar es Salaam kwa basi, pamoja na kondensa, impela, sili na seti ya kabureta. Ningeweza kuokoa hela kwa kubadilisha koili moja, ila sikuona maana ya kufungua flaiwili mara mbili.

Platini zenyewe zilikuwa nzima, zimefunikwa tu na utando wa kijivu. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi na unatosha kabisa kuizuia injini isiwake. Chukua msasa mwembamba, ukunje uso nje pande zote mbili, upitishe katikati ya nyuso mbili za platini mara nne tano bila kukandamiza. Kisha chukua kipande cha kadi nyeupe safi, kichovye kwenye petroli, kipitishe palepale. Kitatoka na mistari miwili myeusi. Geuza, pitisha tena. Rudia mpaka kadi itoke nyeupe. Nilitumia kadi ya mwaliko wa harusi iliyokuwa mezani, na ilinichukua vipande sita. Usisahau hatua ya kadi, maana chembe za msasa zikibaki pale zinazuia umeme vilevile kama utando ulivyokuwa unazuia.

Halafu nafasi. Zungusha krenki mpaka kisigino cha platini kifike mahali pa juu kabisa pa kamu, ile nundu ya shafti inayoisukuma platini. Hapo ndipo platini imeachana zaidi. Pima kwa fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.5: ipite kwa kusugua kidogo tu, isilegee wala isikwame. Kaza skrubu, kisha pima tena, kwa sababu ukikaza inasogea. Weka grisi kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, kwenye kitambaa kinachopangusa kamu, ili kisigino kisilike. Unaporudisha flaiwili, koni ya krenki iwe kavu na safi bila grisi, kii (kipande cha chuma kinachoifunga flaiwili na krenki) ikae sawa, na nati ikazwe kwa spana ya kupimia kama unaweza kuazima. Flaiwili iliyolegea inakata kii na kuharibu krenki.

Plagi weka mpya, nafasi ya milimita 0.75. Kwa mtihani wa moto nilisubiri jioni, nikasogeza petroli yote mbali, nikafunga bodi ya plagi kwenye injini kwa waya na kuzungusha. Cheche inatakiwa kuwa ya buluu na kuruka kwa mlio. Ya njano na dhaifu rudi kwenye platini, mara tisa kati ya kumi tatizo liko pale.

Kabureta nitapita haraka kwa sababu aliyewahi kufungua ya pikipiki anaijua njia. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu mzito chini ya bakuli, unanuka kama rangi ya mlango. Loweka sehemu za chuma, puliza kwa kompresa, badilisha pini, gasketi na boya. Jeti kubwa imejificha chini ya bakuli nyuma ya skrubu ya kumwagia, wengi hawaioni. Kuichokoa usitumie waya wa breki wala sindano, inapanua tundu. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia. Skrubu ya mafuta ya mzunguko wa chini ifunge taratibu mpaka iguse, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Badilisha pia mipira yote ya mafuta na utando wa pampu. Mpira wa zamani unaonekana mzima kwa nje, kwa ndani unamwaga unga mweusi unaorudi kuziba kabureta uliyoisafisha jana.

Impela haina mjadala. Hata kama inaonekana nzuri, mpya inaingia. Ile ya baba mdogo mbawa zake zilikuwa zimelala upande mmoja na kubaki hivyo, ngumu kama soli ya kiatu. Shusha mguu kwa kufungua bolti zake, ukikumbuka kuachanisha rodi ya gia kabla ya kuvuta, maana ukilazimisha unaipinda. Paka maji ya sabuni, ingiza impela huku ukizungusha shafti kuelekea mshale wa saa ili mbawa zilale upande wake. Angalia kikombe inamokaa: kikiwa na michirizo inayoshika ukucha, kibadilishe nacho. Na ukiwa hapo, fungua mfuniko wa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya kupoza, kule juu kwenye hedi. Yangu nilitoa tope kavu la bwawa, kipande kizima chenye umbo la kile chumba.

Baada ya hayo yote, na si kabla, ndipo nilishika kamba kwa mara ya kwanza. Niliunganisha waya za plagi kwenye bodi ili koili zisiumie, nikafungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Ya juu ilisoma psi 85, ya chini 80. Usitishike ukisoma namba ndogo kuliko za vitabu. Moshi tuko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na Arusha mjini ni kama mita 1,400, hewa yetu ni nyepesi na geji inasoma pungufu. La muhimu ni silinda zikaribiane. Zikiachana zaidi ya sehemu moja ya kumi, fungua hedi. Hewa hiyohiyo ndiyo inafanya injini iliyosetiwa pwani ionekane inalewa mafuta ikipanda huku, kwa hiyo seti kabureta mahali utakapoitumia.

Mchanganyiko wa kawaida wa injini hii ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Kwa tangi la kwanza niliweka mililita 200, silinda zikae na mafuta ya kutosha baada ya usingizi ule. Itatoa moshi mwingi, uache utoke. Tumia oili ya 2T ya boti ukiipata. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa.

Kuwasha, tumia pipa la lita 200 lililokatwa juu, lijae maji mpaka yapite usawa wa pampu. Toa propela. Kaa nje kabisa, si ndani ya karakana, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Bana puto la mafuta mpaka liwe gumu, vuta choki, vuta kamba taratibu mpaka ushike mgandamizo, ndipo uvute kwa nguvu. Mara ya nne ilikohoa. Mara ya sita ikashika, moshi wa buluu ukafunika uzio wa jirani, na kijana ninayemfundisha kazi akaruka akipiga makofi. Nilimwambia anyamaze, nisikilize.

Cha kusikiliza na kutazama ni maji. Injini za siku hizi zina tundu linalokojoa ukaona mara moja. Hii hutema maji pamoja na moshi nyuma ya mguu. Kama ndani ya nusu dakika huoni maji, zima. Bila propela usiongeze mwendo wa injini, iache inguruma chini kwa dakika kumi. Dondoshea tone la maji juu ya hedi: likitulia ni sawa, likichemka na kuruka, zima utafute njia ya maji iliyoziba. Ikishapata joto, funga ile skrubu ya mzunguko wa chini kidogo kidogo mpaka ianze kukohoa, kisha irudishe robo mzunguko na uiache hapo.

Tuliipeleka Lang'ata kwa pikapu ya kukodi, tukipita Himo na Mwanga, injini imelazwa juu ya godoro la zamani. Majaribio ya kwanza fanya karibu na ufukwe, ukiwa na makasia na jaketi la kuokolea, hata kama umekulia majini. Nusu saa mwendo mdogo, kisha nusu mafuta, usiipeleke mwisho siku ya kwanza. Mtoto wa baba mdogo ndiye aliyeshika usukani. Ukimaliza, chomoa mpira wa mafuta na uiache izime yenyewe kabureta ikauke. Lile jambo dogo lisilofanyika miaka 15 iliyopita ndilo lililotupa ule utomvu.

Wiki mbili baadaye nilirudi na kufungua ile skrubu ya chini ya gia, kama unavyopaswa kufanya baada ya saa kumi hivi za kazi. Mama mdogo alisimama pembeni ameshika kibakuli cha plastiki. Oili ilishuka taratibu, rangi ya asali, haina hata wingu la weupe. Nikarudisha skrubu na washa yake.